Shaka Yenye Kipimo: Watumishi wa Hospitali na Misingi ya Akili Mnemba

Desturi ya hospitali tangu zamani ni kuwa chombo kipya huja pamoja na mwalimu wake. Mashine ya eksirei ilifika na mtu wa kuonyesha namna ya kuiwasha na namna ya kujikinga na mionzi yake, na darubini ya maabara ilifika na somo la kupaka makohozi juu ya kioo, kuyakausha na kuyatia rangi. Desturi hiyo haikushikwa daima, na yeyote aliyepata kufanya kazi katika hospitali ya wilaya ameliona sanduku la msaada lililolala ghalani miaka nenda miaka rudi kwa kukosa mjuzi wa kulifungua. Walakini hata pale ilipovunjwa madhara yake yalikuwa na mpaka, kwa sababu chombo kisichojulikana matumizi yake hukaa kimya. Akili mnemba haikai kimya. Husema, tena husema kwa lafudhi ya yakini, na msikilizaji asiyejua maneno yale yametoka wapi hudhani amesikia hukumu ya mwanachuoni ilhali amesikia makadirio.

Nayo imekwisha kuingia kabla ya mwalimu wake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba programu za kompyuta zaweza kushika nafasi ya msomaji binadamu katika kusoma picha za eksirei ya kifua za watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanapochunguzwa kifua kikuu, na tangu hapo mashine za eksirei za kubebeka zenye programu hizo zimekuwa zikipelekwa mahali ambapo daktari wa kusoma picha hapatikani. Jijini Nairobi, katika zahanati 15 za Penda Health, matabibu wamefanya kazi na programu iliyokaa ndani ya mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ikisoma kila walichoandika na kuwawashia taa ya kijani, ya manjano au nyekundu. Mbali na hayo yanayofanywa hadharani, uko mlango wa uani: tabibu wa zamu ya usiku huchomoa simu yake mfukoni akaiuliza programu ya mazungumzo kipimo cha dawa ya mtoto, wala hapana aliyemruhusu wala aliyemkataza.

Kwa hiyo haja ya kujadili kama watumishi wa hospitali wafundishwe misingi ya akili mnemba imepita. Lililobaki ni misingi ipi, wafundishwe akina nani, na kwa mkono wa nani. Mafundisho yaliyoenea hivi sasa ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya mhandisi, ambaye huanza na mchoro wa vifundo vilivyounganishwa kwa mistari, akaendelea na hesabu ambazo nusu ya wasikilizaji waliziaga kidato cha nne, akamaliza kwa kuwaachia heshima kubwa na faida ndogo. Ya pili ni ya mchuuzi, ambaye huonyesha kitufe cha kubonyeza na namna ya kuuliza swali ili jibu litoke zuri. Muuguzi hana haja na ya kwanza, kama vile haikumpasa kujua kuyeyusha kioo cha kipimajoto ndipo apime homa; na ya pili yatapitwa na wakati kabla ya cheti chake kukauka wino. Rai yangu ni kwamba kiini cha ilimu hii ni shaka yenye kipimo, yaani kujua mashine ilifunzwa kwa mifano gani, inakosea wapi na mara ngapi, na mtu anayeitilia shaka ana mamlaka gani ya kuikataa. Shaka isiyo na kipimo ni ukaidi tu, na humnyima mgonjwa msaada wa kweli. Imani isiyo na kipimo humwua.

Mafundisho hayo hayana budi kuanza na tofauti moja ambayo semina nyingi huiruka. Ziko mashine zifuatazo kanuni zilizoandikwa na watu, na ziko mashine zijitungiazo kanuni kutokana na mifano. Aina ya kwanza ni kongwe. Mwaka 1959 Robert Ledley na Lee Lusted walichapisha katika jarida la Science makala juu ya misingi ya kimantiki ya utambuzi wa maradhi, wakaonyesha jinsi hesabu na kompyuta ziwezavyo kumfaa daktari. Na katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Stanford kilitengeneza programu iitwayo MYCIN, yenye kanuni mamia kadhaa zilizotolewa vichwani mwa mabingwa, ambayo ilipendekeza dawa za maambukizi ya damu kwa ustadi uliokaribiana na wa mabingwa wenyewe, ingawa haikupata kutumiwa wodini hata siku moja. Uzao wa mashine hiyo uko karibu nasi. Katika vituo vya afya vya mikoa ya Mbeya na Morogoro, kati ya mwaka 2021 na 2022, watoto wagonjwa walihudumiwa na matabibu walioongozwa na programu iitwayo ePOCT+, ambayo huuliza dalili moja baada ya moja, ikashauri kipimo na dawa kwa kanuni zilizo wazi. Na vituo hivyo vilipolinganishwa na vingine vya mikoa ile ile, watoto walioandikiwa antibiotiki walikuwa asilimia 23.2 dhidi ya asilimia 70.1, bila ya watoto kudhurika zaidi. Hiyo ni fadhila kubwa, na haikuhitaji mashine ijifunzayo yenyewe. Mtumishi akikosana na programu ya namna hii aweza kufungua orodha ya kanuni akaiona hatua iliyompotosha. Kwa aina ya pili hapana orodha ya kufungua, na ndiyo maana sina budi kuikalia kwa urefu.

Mfano ulio bora kuliko yote niijuayo ni ule wa kichomi na pumu. Nchini Marekani, katika miaka ya 1990, watafiti walikusanya kumbukumbu za wagonjwa wa kichomi ili waifunze kompyuta kukadiria ni nani aliye katika hatari ya kufa, apewe kitanda, na ni nani awezaye kurudi nyumbani na vidonge vyake. Rich Caruana, aliyekuwa miongoni mwao na ambaye alikirejea kisa hicho katika makala ya mwaka 2015, aeleza kwamba mashine mojawapo ilitunga kanuni isemayo kuwa mgonjwa wa kichomi aliye na pumu yu katika hatari ndogo kuliko asiye nayo. Hata mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza angeikataa kanuni hiyo. Walakini kumbukumbu hazikuwa zimesema uongo: wagonjwa wa pumu walikuwa kweli wamekufa wachache, kwa sababu kila alipofika mwenye pumu akahema kwa kichomi, madaktari walishtuka, wakampeleka moja kwa moja chumba cha wagonjwa mahututi, wakamwangalia usiku na mchana hata akapona. Mashine iliuona mwisho bila ya kuiona njia. Lau ingepewa madaraka, ingewarudisha nyumbani wale wale ambao kupona kwao kulitokana na kutorudishwa nyumbani. Kosa liligunduliwa kwa kuwa kanuni ile iliandikwa kwa namna isomekayo. Mashine nyingine, ya vifundo, iliyozipita zote kwa usahihi, iliwekwa kando isitumiwe kwa wagonjwa, kwa sababu hapana aliyeweza kujua imeficha mangapi ya namna hiyo.

Ningekuwa na saa moja tu ya kuwafundisha watumishi wa hospitali nzima, kuanzia mganga mkuu hata mlinzi wa lango, ningeitumia nusu yake kwa kisa hicho, maana ndani yake yamo mambo mengi ambayo mhandisi huyafundisha kwa mwezi. Mna kwamba mashine hujifunza yaliyoandikwa, wala haijifunzi yaliyotendwa. Mna kwamba usahihi wa jumla waweza kukaa nyumba moja na upotovu wa hatari. Na mna kwamba aliyekuwa na uwezo wa kulitambua kosa ni mtu ajuaye kazi ya wodini, asiyehitaji kujua hesabu hata moja ya yaliyomo ndani ya mashine.

Kutokana na hilo la kwanza hufuata jambo ambalo wengi hulisahau, yaani ni nani hasa wa kufundishwa. Kila mwenye kupanga mafunzo ya namna hii huwaita madaktari kwanza, kisha wauguzi wachache, na hapo huishia. Karani wa mapokezi haitwi. Mtunza kumbukumbu wa masijala haitwi. Hali hao ndio waandishi wa kitabu ambacho mashine itakisoma. Katika zahanati za Tanzania vitabu vya MTUHA, yaani vya mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, hujazwa na muuguzi yule yule anayezalisha, anayechanja na anayegawa dawa, na kila aliyekaa huko anajua kuwa ziko safu zinazojazwa papo hapo na ziko zinazojazwa jioni kwa kukumbuka, na ziko, Mungu atusamehe, zinazojazwa mwisho wa mwezi kwa kukisia. Maadamu vitabu hivyo vilikuwa vya kuhesabu tu, kosa lake lilikuwa la takwimu. Siku vitakapoingizwa katika kompyuta ili kuifunza kutabiri, kosa hilo litageuka tabia ya mashine, na litarudi kwa mgonjwa mwingine likiwa limevaa joho la sayansi. Mtunza kumbukumbu aliyeambiwa hivyo kwa ufasaha huandika kwa hadhari kuliko aliyetishwa kwa barua ya onyo.

Hata usemi wa kila siku wodini hubadilika mtu akilielewa hilo. Tuseme muuguzi wa wodi ya watoto amemwendea daktari wa zamu.

“Daktari, kompyuta imempa mtoto huyu kijani, lakini mimi simwelewi. Hajanyonya tangu alfajiri.”

“Hilo la kunyonya umeliandika, Sista?”

“Bado, nilikuwa na yule wa dripu.”

“Basi kompyuta haina habari nalo. Liandike, nami nakuja kumtazama. Tusingoje rangi ibadilike.”

Katika maneno hayo machache mna ilimu yote: muuguzi hakuogopa kupingana na taa, daktari hakumdharau muuguzi kwa ajili ya taa, na wote wawili walijua kwamba mashine haina macho zaidi ya yale waliyoipa.

Macho yenyewe nayo huwa na kasoro. Kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hupitisha mwanga katika ngozi, na mwaka 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliofichika machoni pa kipimo hicho ulikuwa karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa wazungu. Mashine yoyote ikadiriayo hali ya mgonjwa kwa kutegemea namba za kidoleni itairithi kasoro hiyo bila ya kuijua, na sisi ambao wagonjwa wetu karibu wote ni weusi hatuna ruhusa ya kulipuuza jambo hilo. Mwaka mmoja kabla yake, katika jarida la Science, Ziad Obermeyer na wenzake walichambua programu iliyokuwa ikitumiwa sana Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Walioitengeneza hawakuitia ubaguzi wa rangi. Waliiambia tu ipime haja ya mgonjwa kwa gharama alizokwisha kutumiwa. Kwa kuwa watu weusi walitumiwa fedha kidogo hata walipokuwa wagonjwa zaidi, mashine iliwahesabu kuwa wenye siha njema. Lau dosari hiyo ingesahihishwa, sehemu ya watu weusi miongoni mwa wanaostahili msaada ingepanda kutoka asilimia 17.7 hata 46.5. Mhasibu wa hospitali, ambaye hakuna amwitaye katika semina, angelifahamu kosa hilo upesi kuliko daktari, maana yeye ajua kuwa bili hupima alicholipa mtu, si alichougua.

Sasa nije kwenye hesabu, ambayo ndiyo sehemu inayoogopwa bila ya sababu, kwani haihitaji zaidi ya kujumlisha na kutoa. Programu ya kusoma picha za kifua hutoa namba, mathalani kati ya 0 na 100, na nchi au hospitali huchagua kiwango ambacho kikipitwa mtu hupelekwa kupimwa makohozi. Wengi hudhani kuwa aliyepata 60 ana uwezekano wa asilimia 60 kuwa na kifua kikuu. Sivyo, namba hiyo ni daraja la mashine yenyewe, na maana yake hutegemea kiwango kilichochaguliwa na watu waliopimwa. Tuchukue programu iliyowekwa kiwango cha kuwakamata wagonjwa 9 katika kila 10, na kuwaachia watu 8 katika kila 10 wasio na maradhi. Tuipeleke sokoni, ipige picha watu 1,000 ambao 10 kati yao wanaugua. Itawakamata 9, na pamoja nao itawakamata watu 198 wasiougua kitu. Kati ya kila watu 23 watakaoambiwa wana dalili, mmoja tu ndiye mgonjwa. Tuichukue programu ile ile, bila ya kuibadilisha hata nukta, tuipeleke katika kliniki ambamo watu 200 kati ya 1,000 wanaugua: itawakamata 180 wagonjwa na 160 wasio wagonjwa, na sasa zaidi ya nusu ya walioonywa ni wagonjwa kweli.

Yule tabibu aliyeiona programu hiyo ikifanya vizuri katika kliniki ataiapia. Na yule aliyeiona sokoni atasema kuwa ni ya uongo. Na wote wawili wamesema kweli. Asiyelijua hili hawezi kumweleza mama aliyetoka kuuza mchicha kwa nini taa nyekundu haimaanishi kwamba amekwisha, wala hawezi kuelewa kwa nini maabara imefurika makohozi. Wala hapana kiwango kisicho na gharama. Ukikipandisha, maabara hupumua na wagonjwa hupotea. Ukikishusha, wagonjwa hupatikana na maabara huzama. Kuchagua baina ya hayo ni kazi ya watu wenye dhima mbele ya wananchi, na muuzaji wa programu hana haki ya kuichagua kwa niaba yao kwa kuiacha namba aliyoikuta kiwandani.

Udhaifu wa mashine ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni udhaifu wa mtu anayekaa nayo. Mwaka 2023 watafiti wa hospitali ya chuo kikuu cha Cologne, Ujerumani, walitoa matokeo ya jaribio ambalo madaktari 27 walisoma picha za matiti wakiwa na maoni ya mashine mbele yao, na katika baadhi ya picha maoni hayo yalikuwa yamepotoshwa kwa makusudi. Madaktari wachanga, ambao mashine iliposema kweli walipatia karibu mara nane katika kumi, walipatia mara mbili tu iliposema uongo. Jambo la kutisha ni kwamba mabingwa wa miaka mingi nao waliporomoka, kutoka asilimia 82 hata 45 hivi. Nchini Poland, mwaka 2025, ilionekana kwamba madaktari waliozoea kusaidiwa na mashine kutafuta uvimbe katika utumbo mpana, walipofanya kazi bila ya msaada huo, kiasi cha uchunguzi uliowapatia uvimbe kilishuka kutoka asilimia 28.4 hata 22.4. Mkono hulegea ukitegemezwa, na sisi ambao umeme wetu hukatika tuna sababu zaidi ya kulichunga hilo kuliko Wapolandi.

Kinyume cha kuamini mno ni kuchoka. Programu ya kampuni ya Epic iliyokusudiwa kuonya mapema juu ya maambukizi yaliyoenea mwilini, ilipochunguzwa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Michigan na matokeo kutangazwa mwaka 2021, ilikutwa imepiga kengele kwa asilimia 18 ya wote waliolazwa, na bado imewakosa asilimia 67 ya waliougua ugonjwa wenyewe. Muuguzi aliyesikia kengele hizo usiku kucha hana makosa akiacha kugeuza shingo. Haitakuwa insafu, hata hivyo, kuhesabu mabaya peke yake: nchini Sweden, katika jaribio la wanawake zaidi ya 80,000 lililotangazwa mwaka 2023, mashine iliyopewa kazi ya kusoma picha za matiti pamoja na madaktari iliwapunguzia kazi ya kusoma kwa asilimia 44, na saratani zilizogunduliwa hazikupungua bali ziliongezeka. Waliofanikiwa walikuwa wamepanga kwanza ni picha ipi isomwe na mtu mmoja na ipi isomwe na wawili. Mashine iliingia katika mpango, haikuachiwa iwe mpango.

Mataifa mengine yamelishughulikia somo hili kwa njia zao. Finland ilifungua mwaka 2018 kozi ya bure iitwayo Elements of AI, iliyokusudiwa kumfikia mtu mmoja katika kila mia wa nchi ile, wa kazi yoyote. Uingereza, baada ya ripoti ya Eric Topol ya mwaka 2019, iliendelea mwaka 2022 kuwagawa watumishi wa afya katika mafungu matano kwa kadiri ya kazi yao na mashine, tangu watunga sera hadi watumiaji wa kila siku, ili kila fungu lipewe ilimu iliyo kadiri yake. Umoja wa Ulaya ulilifanya sheria: kuanzia 2 Februari 2025, mwenye kuziweka mashine hizi kazini alilazimika kuchukua hatua za kuhakikisha watumishi wake wana ujuzi wa kutosha juu yake. Mgawanyo wa Waingereza ndio unipendezao zaidi, ila una kasoro moja kwetu: umejengwa juu ya hospitali ambamo kila mtu ana kazi moja, ilhali katika zahanati zetu mtu mmoja ni mafungu matatu.

Kwa mkono wa nani, basi? Njia yetu tuliyoizoea ni warsha ya siku mbili katika hoteli ya makao makuu ya mkoa, yenye chai ya saa nne, posho, picha ya pamoja na cheti. Sisemi posho ni haramu. Mtu aliyeacha zamu na kusafiri ana haki ya nauli. Nasema kwamba anayechaguliwa kwenda ni aghalabu yule ambaye hataigusa mashine, na yule aliyebaki wodini ndiye atakayeigusa. Habari za zahanati zile za Nairobi zina mafundisho hapa. Katika ziara 39,849 za wagonjwa, matabibu waliosaidiwa na programu walifanya makosa ya utambuzi pungufu kwa asilimia 16 na ya matibabu pungufu kwa asilimia 13 kuliko wasiosaidiwa. Lakini faida hiyo haikuja siku ilipowashwa. Mwanzoni taa nyekundu nyingi zilipitwa tu. Zilianza kusikilizwa pale wenzao wa kazi walipokaa nao wakiwaeleza kwa nini programu ipo na jinsi ya kuitumia, na pale walipoonyeshwa hesabu za kazi zao wenyewe. Tena kadiri siku zilivyokwenda, matabibu hao walizidi kuandika vizuri hata kabla ya taa kuwaka, ikawa programu imegeuka mwalimu.

Kinyume chake chaonekana Thailand, ambako Google ilipeleka katika zahanati za Pathum Thani na Chiang Mai programu ya kuchunguza macho ya wagonjwa wa kisukari. Maabarani ilikuwa hodari. Huko zahanatini, wauguzi walipiga picha katika vyumba visivyotiwa giza la kutosha, foleni ikiwa ndefu, intaneti ikisuasua, na katika picha 1,838 za miezi sita ya mwanzo mashine ilizikataa asilimia 21. Kila picha iliyokataliwa ilikuwa ni mgonjwa wa kuelekezwa hospitali ya mbali, na wako wauguzi waliowashauri wagonjwa wasijiunge na utafiti ule kuwaepushia safari isiyo na lazima. Hao hawakukosa somo la akili mnemba. Waliokosa somo ni waliotengeneza, nalo ni somo la chumba cha zahanati. Mafundisho yaliyo kamili hayana budi kwenda pande mbili.

Juu ya programu za mazungumzo zilizo katika simu nitasema machache, kwa kuwa hadhari zake ni nyepesi kutaja. Hutunga sentensi kwa kukadiria neno linalofuata, na kwa hiyo huweza kutaja kipimo cha dawa kisichopo kwa ufasaha ule ule wa kipimo kilichopo. Kila namba itokayo humo yapasa kukutanishwa na mwongozo wa matibabu wa taifa kabla ya kufika kwenye bomba la sindano. Tena zimelelewa zaidi kwa Kiingereza, na mgonjwa asemaye kwamba “mwili umechoka na moyo waenda mbio” au kwamba “tumbo linanikata” haeleweki kwazo kwa yakini ile anayoeleweka nayo kwa nesi wa kwao. Na siri ya mgonjwa ni amana: Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania iliitunga yake mwaka 2022, na jina la mgonjwa likishaingia katika programu ya kampuni ya ng'ambo kwa simu ya mtumishi, hapana wa kulirudisha. Kukataza peke yake hakutoshi. Tabibu aliye peke yake saa nane usiku atamwuliza yeyote ajibuye, na hospitali isiyotaka aiulize simu impe mtu wa kumpigia.

Yote hayo ni bure ikiwa aliyefundishwa kutilia shaka hana ruhusa ya kuitumia shaka yake. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, ambaye baadaye alipewa Tuzo ya Nobel, alisema kwamba watu waache kuwafundisha madaktari wa radiolojia kwani baada ya miaka mitano, au labda kumi, mashine ingewapita. Mitano ilipita na hospitali zikaendelea kuwasaka madaktari hao, lakini maneno ya namna hiyo yaliacha hofu, na mtumishi anayedhani kwamba mashine imekuja kuchukua kiti chake hawezi kuipinga kwa uhuru wala kuikubali kwa uaminifu. Yampasa ajue kwa maandishi kwamba akipingana na mashine kwa sababu aliyoitaja hataadhibiwa, hata ikidhihiri baadaye kwamba mashine ilikuwa na haki. Na kwamba akiifuata katika jambo lililo wazi kuwa si sawa, kusema “kompyuta iliniambia” hakutamtoa lawamani. Hospitali isiyoweza kuandika sentensi hizo mbili haijawa tayari kununua programu yenyewe.

Kwa kuanza, naona kikao cha asubuhi cha makabidhiano ya zamu chatosha, nacho hakina posho. Liwekwe daftari wodini, la kawaida la mistari, ambamo kila mara mtumishi anapotofautiana na mashine aandike tarehe, mashine ilisema nini, yeye alisema nini na kwa hoja gani. Na baada ya wiki chache mtu aliyekabidhiwa dhima hiyo arudi kuandika yaliyompata mgonjwa. Mara moja kwa mwezi kurasa hizo zisomwe mbele ya wote, daktari, muuguzi, wa maabara na karani, bila ya kutaja majina ya waliokosea. Baada ya mwaka hospitali itakuwa imejua mambo ambayo hayamo katika kijitabu cha muuzaji: kwamba mashine yake huwakosa watoto wa chini ya umri fulani, au hubabaishwa na mapafu ya wachimba migodi, au kwamba ni wauguzi wa zamu ya usiku ndio waliokuwa wakiipinga kwa haki mara nyingi zaidi. Na mjumbe wa kampuni atakapokuja kutaka mkataba utiwe saini upya, daftari hilo ndilo litakalofunguliwa mezani kwanza.